UZI: Mkonga wangu (Land Cruiser) ulikuwa hauamki asubuhi Ngorongoro. Nimebadilisha betri, nimefungua stata, kumbe ni kebo na ethi

#1 MkongaWaKisongo

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu niliwaahidi madereva wenzangu tangu mwezi wa saba. Leo gari limelala nyumbani, kwa hiyo naandika yote.

Gari ni Land Cruiser HZJ75 ya 1994, injini 1HZ ya lita 4.2, dizeli isiyo na tabo. Umeme wake ni wa volti 12, betri mbili za N70 zimeunganishwa sambamba. Kazi yake ni safari: Arusha, Karatu, Ngorongoro, Ndutu, Seronera na kurudi. Nyuma lina friji, redio ya mawasiliano na invata ya kuchajia kamera za wageni.

Tatizo lilikuja polepole. Mjini linawaka bila neno. Ila ukilala kambi ya Simba, kule ukingoni mwa kreta, asubuhi ya Julai, stata (mota inayozungusha injini ili iwake) inazunguka kama imefungwa jiwe. Wageni wanataka kuwa getini saa kumi na mbili kamili, mimi nazunguka na kebo mkononi nikiomba mwenzangu anibusti, yaani aniwashie kwa betri yake. Ni aibu ambayo dereva mwenzangu ataielewa.

Nikanunua betri mbili mpya. Nafuu ikaja wiki tatu, hali ikarudi. Nikapeleka stata, wakabadilisha kaboni na bushi. Wiki mbili, hali ikarudi. Katikati ya hayo ikaongezeka ajabu nyingine: usiku nikiwasha taa kubwa, geji ya joto inapanda. Nikizima, inashuka. Gereji moja mjini wakanibadilishia thamostati, wakasafisha rejeta, wakaanza kuzungumzia kufungua silinda hedi. Nashukuru sikuwa na pesa siku ile.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa umeme wa magari. Hakugusa spana. Alichukua multimita akaniambia, "Kaa kwenye usukani, nikikwambia piga, piga." Akachomoa waya wa solenoidi ya mafuta kwenye pampu ili injini izunguke bila kuwaka. Vipimo alivyopata niliviandika kwenye daftari la safari:

Kwenye nguzo zenyewe za betri, stata ikizunguka: volti 10.6.
Kwenye stata, kati ya bolti yake kubwa na mwili wa stata: volti 8.1.

Yaani volti 2.5 zilikuwa zinapotea njiani. Akatafuta zinapotelea wapi. Ncha moja ya mita kwenye nguzo chanya ya betri, nyingine kwenye bolti ya stata: 0.9. Ncha moja kwenye nguzo hasi, nyingine kwenye chuma kitupu cha bloku ya injini: 1.6. Hapo akanitazama. "Wewe umekuwa ukinunua betri, na umeme unakwenda vizuri kuliko unavyorudi."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike uzi. Wengi wetu tunaiona kebo nyekundu kama barabara ya umeme, na nyeusi kama kamba ya kufungia tu. Kila ampea inayoingia kwenye stata lazima irudi betrini. Injini imekaa juu ya maunti za raba, haigusi chesisi. Ethi yake, yaani njia ya kurudishia umeme betrini, ikiwa mbovu, umeme unatafuta njia nyingine: kebo ya kanyagio la mafuta, kebo ya breki ya mkono, mabomba, hata beringi. Kebo yangu ya kanyagio la mafuta ganda lake lilikuwa limeyeyuka upande wa injini. Nilikuwa nimeliona mwaka mzima nikidhani ni joto la egzosi.

Tulipofungua tulikuta haya. Kebo hasi si ya kiwandani. Mtu wa zamani aliweka nyembamba, kama ya 16 hivi (milimita za mraba za shaba). Tulipochana ganda lake karibu na kichwa cha betri, shaba ilikuwa nyeusi na kijani kwa zaidi ya shubiri: asidi ilikuwa inapanda ndani ya ganda kama mafuta kwenye utambi, na kwa nje kebo inang'aa. Mkanda uliosukwa unaounganisha injini na bodi ulikuwa umebaki nyuzi chache. Na ethi ya chesisi ilikuwa imefungwa juu ya rangi. Aliyepaka gari rangi miaka hiyo alipaka na sehemu ya ethi, aliyefunga akafunga juu yake.

Geji ya joto nayo ikaeleweka. Dashibodi inachukua ethi kwenye bodi, lakini kihisi cha joto kimechukua ethi kwenye injini. Taa kubwa zikiwaka, mkondo wake unashindwa kurudi vizuri kutoka kwenye bodi, ethi ya bodi inapanda kidogo, geji inasoma moto ambao haupo.

Nilichofunga: kebo ya shaba laini ya 50 kutoka betri hadi stata, ya 50 nyingine kutoka nguzo hasi moja kwa moja hadi bloku ya injini karibu na stata, ya 50 kuunganisha betri na betri. Injini hadi chesisi 35. Chesisi hadi bodi 25, sehemu mbili, mbele na nyuma. Altaneta (inayochaji betri) hadi betri 25. Kila mahali pa ethi nilikwangua rangi hadi chuma kikang'aa, nikaweka washa yenye meno, nikakaza, ndipo nikapaka grisi juu.

Kipimo baada ya kazi: chanya 0.25, hasi 0.15. Stata ile ile, betri zile zile. Wiki iliyofuata nililala Simba tena. Saa kumi na moja na nusu asubuhi, taa ya plagi za hita (zinazopasha joto injini kabla ya kuwaka) ikazima, nikapiga, likashika mara moja. Nilikaa ndani ya gari kidogo nikilisikiliza tu.

Karibuni kwa maswali. Wataalamu wa umeme mnirekebishe nilipokosea.

---

#2 Dereva_Karatu

Mkuu umenigusa. Mimi nina 1HZ pia na kila asubuhi baridi ni vita. Lakini nieleweshe: kwa nini mjini inawaka na kreta haiwaki, kama kebo ni zile zile?

---

#3 MamaWaStata

Naomba nijibu hili, ndiyo kazi yangu kila siku.

Dereva_Karatu, baridi inafanya mambo matatu kwa pamoja. Oili inakuwa nzito, kwa hiyo injini inakataa kuzunguka. Betri nayo inachoka, kwa sababu kemia yake inapungua kasi kwenye baridi. La tatu ndilo watu hawalijui: stata ikizungushwa polepole inakula mkondo mwingi zaidi, si mdogo. Na volti zinazopotea kwenye kebo ni mkondo mara ukinzani. Mkondo ukipanda, hasara inapanda nao. Kwa hiyo kebo mbovu inakuumiza pale pale unapoihitaji.

Chukua hesabu ya gari la mtoa uzi. Tuseme stata inavuta ampea 300, ambayo kwa dizeli ya ukubwa huo si ajabu. Amepoteza volti 2.5. Zidisha: wati 750. Hiyo ni karibu nguvu ya pasi ya umeme, inapasha moto kebo na vichwa badala ya kuzungusha injini.

Na dizeli haina cheche. Inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Ukizungusha polepole, hewa inavuja pembeni ya ringi na joto linapotea ukutani mwa silinda kabla mafuta hayajashika. Plagi za hita nazo zinategemea volti hizo hizo, na joto lake linafuata mraba wa volti: ukipunguza volti kidogo, joto linashuka sana.

Viwango ninavyofuata mimi, stata ikizunguka: upande chanya usizidi nusu volti, upande wa ethi usizidi 0.2, ikibidi sana 0.3. Nguzo za betri zisishuke chini ya 9.6. Zikishuka wakati kebo ni nzuri, hapo ndipo uishuku betri, au stata yenyewe.

Nyongeza moja kwa anayepima: ncha ya mita iguse nguzo ya risasi ya betri yenyewe, si kichwa cha kebo kilichoivaa. Uchafu mwingi umejificha kati ya hivyo viwili. Na usipige stata zaidi ya sekunde kumi bila kuipumzisha.

---

#4 kijana_wa_ngaramtoni

Dada shukrani sana. Swali: kebo za kuchomelea zinafaa? Kuna duka wanauza kebo nene kabisa, bei nusu ya nyingine.

---

#5 MamaWaStata

Kebo ya kuchomelea ya shaba tupu ni nzuri, tena ni laini, inapinda bila kuvunjika nyuzi, na gari linalotikisika kutwa linahitaji ulaini huo. Udhaifu wake ni ganda: baadhi halipendi oili na joto, kwa hiyo ipitishe ndani ya bomba la kinga.

Lakini hiyo ya bei nusu, simama kwanza. Zimejaa alumini iliyopakwa shaba juu. Kwa macho ni shaba, ndani si shaba. Unene ule ule, lakini inapitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba halisi. Na alumini ikibanwa inalegea taratibu, ikipata unyevu inaota ukoko mweupe usiopitisha umeme.

Namna ya kujua: omba kipande, kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe chini, rudisha. Au uchome uzi mmoja kwa kiberiti cha gesi: wa alumini unalegea na kukatika haraka, shaba inawaka nyekundu na kubaki. Hata uzito mkononi utakwambia, kebo nene ambayo ni nyepesi kama bua la mtama si ya shaba.

---

#6 FundiMkongwe_Moshi

Nimesoma kwa furaha. Kwenye kebo nakubali yote. Niseme tu kuhusu vichwa, maana mtoa uzi hakueleza alivibana vipi. Mimi tangu miaka ya tisini najaza lehemu ndani ya lagi (kichwa cha shaba cha mwisho wa kebo), natumbukiza kebo, imekwisha. Hazijawahi kunirudia.

---

#7 MkongaWaKisongo

Shikamoo mzee. Zangu zilibanwa kwa presi ya haidroliki, lagi za shaba zilizopakwa bati, kisha mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Yule mzee wa umeme alikataa lehemu kabisa na sababu aliyonipa ni barabara. Lehemu inapanda kwenye nyuzi kupita mwisho wa lagi, pale inapoishia kebo inakuwa ngumu kama msumari. Kutoka geti la Loduare (la kuingia Ngorongoro) hadi Naabi (la kuingia Serengeti) ni mawimbi ya barabara mwanzo mwisho, kebo inatikisika mara maelfu, inavunjika pale pale palipo pagumu. Yawezekana magari yako mzee yanatembea zaidi kwenye lami.

---

#8 FundiMkongwe_Moshi

Marahaba kijana. Ni kweli, wengi wa wateja wangu ni wa lami na mashamba ya karibu. Hoja ya mtikisiko naikubali. Ila asiye na presi asije akagonga lagi kwa nyundo akaita amebana. Nimekata nyingi za namna hiyo, ndani zina nafasi wazi, hewa na unyevu vinaingia. Kama huna kifaa, peleka kebo kwa mwenye kifaa. Kubana lagi nane ni kazi ya dakika ishirini.

---

#9 Tdi_wa_Nanyuki

Salamu kutoka Kenya. Mimi nina Land Rover Defender 110, injini ya 300Tdi. Betri iko chini ya kiti. Shida yangu si stata. Taa za nyuma zinafifia nikikanyaga breki, na indiketa ikiwaka, taa ya breki nayo inapepesa. Nimebadilisha balbu zote. Hii yaweza kuwa ethi pia?

---

#10 MamaWaStata

Ndiyo kaka, hiyo karibu hakika ni ethi ya nyuma. Taa mbili zikipepesa pamoja, zinagombania njia moja ya kurudi: umeme wa indiketa unashindwa kurudi, unapita kinyumenyume kwenye balbu ya breki.

Gari lako lina ugumu ambao Land Cruiser haina. Bodi ni alumini, chesisi ni chuma. Metali hizo mbili zikikutana na unyevu zinalana, na alumini ndiyo inayoliwa. Ukiongeza lagi ya shaba tupu juu yake, inaliwa haraka zaidi. Usitegemee bodi kurudisha umeme. Vuta waya mmoja mweusi wa shaba, hata wa 4 au 6, kutoka kwenye taa za nyuma hadi chesisi ya chuma iliyokwanguliwa vizuri, au urudishe mbele kabisa hadi betri. Panapolazimu kufunga kwenye alumini tumia lagi iliyopakwa bati, ikwangue, paka grisi, kaza, kisha ufunike na grisi tena. Halafu ingia chini ya gari uangalie mkanda kati ya giaboksi na chesisi. Kwenye Land Rover za umri huo mara nyingi ndio umeoza.

---

#11 Mzee_wa_Ndutu

Mimi niongeze kuhusu vumbi. Sisi tunaoshinda Ndutu msimu wa nyumbu, Januari hadi Machi, gari linarudi limepakwa magadi kila mahali. Vumbi lile likipata umande linakuwa uji unaopitisha umeme na kula metali, hasa alumini na bati. Nimeona betri inajimaliza usiku kwa sababu juu yake kumetanda tope la magadi na asidi kutoka nguzo hadi nguzo.

Ninachofanya kila nikirudi: maji ya moto juu ya betri, vifuniko vimekazwa ili kisiingie kitu kwenye seli, brashi, nafuta, nakausha. Kisha vaselini au grisi juu ya vichwa. Si kabla ya kufunga vichwa. Kwanza metali kwa metali, kaza, ndipo upake.

Sasa la uchungu. Mwenzetu mmoja aliunguza gari kati ya Naabi na Seronera. Alifunga invata mwenyewe, kebo ya chanya akaitoboza kwenye ukuta wa injini bila raba, bila fyuzi. Bati likasaga ganda safari baada ya safari. Wageni walitoka salama, gari lilibaki fremu. Nawaomba sana: kebo nene bila fyuzi ni hatari kubwa, ikigusa bodi inaunguza gari.

---

#12 MkongaWaKisongo

Mzee pole sana, na asante kwa kulisema. Ni kosa langu kutoliandika juu. Kwangu kila chanya inayotoka betrini ina fyuzi ndani ya shubiri moja kutoka kwenye nguzo, isipokuwa ya stata peke yake. Ya altaneta ni fyuzi ya ampea 125, altaneta yangu ni ya ampea 80. Kebo ya stata, kwa kuwa haina fyuzi, ndiyo niliyoilinda zaidi: imevalishwa bomba la raba, imefungwa klipu kila baada ya shubiri moja na nusu, iko mbali na egzosi.

Na ile waya ya kuyeyuka ya Toyota iliyo karibu na betri, usiitupe wala kuiruka ati gari lipate umeme zaidi. Inalinda nyaya zote za gari. Ikiwa imechoka, weka nyingine ya kiwango kile kile.

Kufungua, anza na hasi. Kufunga, maliza na hasi. Spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya na hasi bado iko, utaiona inachomelewa mbele ya macho yako.

---

#13 kijana_wa_ngaramtoni

Mkuu, betri mbili: kebo ya stata na ya ethi zote zinatoka betri moja?

---

#14 MamaWaStata

Hapana, vuka mshazari. Chanya ya stata itoke betri ya kwanza, hasi ya kwenda injini itoke betri ya pili. Hivyo kila betri inapita kwenye urefu sawa wa kebo, zinafanya kazi sawa na kuchajiwa sawa. Ukitoa zote kwenye moja, ya karibu inachoka mapema, na ikichoka inaivuta mwenzake. Kwa sababu hiyo hiyo usioanishe betri mpya na kuukuu.

---

#15 Dereva_Karatu

Wadau, nimerudi. Nimefanya kazi Jumamosi yote, kebo mpya za 50, ethi zote nimekwangua. Ethi sasa ni 0.12. Lakini nikipima kutoka nguzo chanya hadi waya mnene unaoingia ndani ya stata yenyewe napata 1.1. Kebo ni mpya kabisa. Nimekata tamaa kidogo.

---

#16 MamaWaStata

Usikate tamaa kaka, umefika karibu. Pima kipande kwa kipande, mwenzako akiwa anapiga. Nguzo hadi kichwa cha betri. Kichwa hadi lagi. Kisha lagi ya upande wa stata hadi bolti yake. Mwisho weka ncha mbili za mita kwenye zile bolti mbili kubwa za stata, inayopokea kebo na inayopeleka ndani. Niletee namba zote nne.

---

#17 Dereva_Karatu

0.02. 0.03. 0.04. Na kwenye bolti mbili za stata: 0.85.

---

#18 MamaWaStata

Kebo zako ni nzima. Hasara karibu yote iko ndani ya swichi ya stata, yaani solenoidi yake. Fungua kifuniko cha nyuma cha solenoidi, kina bolti tatu ndogo. Utakuta vipande viwili vya shaba vimeliwa, hasa cha upande wa betri, na sahani ya plunja ina mashimo. Stata hizi za Denso huishia hapo mara nyingi. Wakati mwingine unasikia "ta!" tu na hakuna mzunguko. Vipande hivyo vinauzwa peke yake, huhitaji stata mpya. Badilisha viwili kwa pamoja na uangalie sahani inagusa vyote kwa usawa. Toa hasi kwanza.

---

#19 Dereva_Karatu

Dada, nimevikuta kama ulivyosema, kimoja kimebaki ukingo tu. Nimeweka vipya vyote viwili. Bolti mbili sasa zinasoma 0.1. Alhamisi napanda Simba na wageni wanne. Nitapima pale pale asubuhi, kabla ya hita, na nitaweka namba hapa.

---

#20 MkongaWaKisongo

Nami nitakuwa Simba Alhamisi. Nitafute upande wa jiko. Mita ninayo, na kebo ya kubusti bado naibeba.